Moyo Unapokwenda Mbio Mlima Kitonga

Basi la Mbeya linapanda Kitonga nyuma ya lori la mafuta, mwendo wa kinyonga, na vioo vimefungwa kuzuia moshi. Ghafla abiria mmoja moyo unamdunda, pumzi haimtoshi, vidole vinaingia ganzi, na anaamini anakufa. Anashuka Ipogolo, mjini Iringa, na kukimbilia hospitali. Akishapimwa presha na moyo, anaambiwa hana kitu. Jibu hilo limekatisha tamaa wengi, maana kitu kipo.

Ni shambulio la hofu. Mwili umemwaga adrenalini kana kwamba simba amesimama barabarani. Ganzi inatokana na kuhema mbio, kunakopunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu. Mara nyingi kilele hufika ndani ya dakika 10 hivi, kisha hofu hushuka yenyewe. Inatisha mno, lakini yenyewe haiui.

Tatizo kubwa huanza baadaye. Anakwepa basi, kisha soko la Mwanjelwa, kisha foleni ya benki, mwisho hatoki nyumbani bila msindikizaji. Hali hii watu huiita hofu ya sehemu za wazi, ingawa uwazi wenyewe si hoja. Anachowaza ni hiki: nikizidiwa hapa nitatokaje, na nani atanisaidia? Ndiyo maana mtu huyohuyo huogopa uwanja na basi pia. Anayeogopa sehemu finyu ni mwingine. Yeye hubanwa ndani ya lifti, au treni ya TAZARA inapoingia mahandaki kati ya Mlimba na Makambako.

Kila akikwepa anapata ahueni, na ubongo unazidi kusadiki kwamba hatari ilikuwepo. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao hutuliza jioni, asubuhi wasiwasi ukarudi na nyongeza. Tiba huenda kinyume, kwa hatua ndogo: leo hadi kituo cha daladala, kesho apande kituo kimoja, na abaki humo mpaka hofu ishuke. Dawa zipo pia, za kuandikiwa na daktari, na huchukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Kwanza apimwe, kwa sababu ugonjwa wa tezi ya shingo au upungufu wa damu huweza kuleta dalili zinazofanana. Maumivu ya kifua yakikushika kwa mara ya kwanza, wahi hospitali. Usijipime kwa makala hii.

Ukiketi jirani na mtu aliyeshikwa hivyo, usimwambie ajikaze wala usianze kukemea pepo. Ongea naye kwa sauti ya chini, mpumue pamoja, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta, mpaka Ilula, mbele ya Kitonga, ionekane.