Mahitaji ya nyumba na uhitaji wa nyumba sio kitu kimoja

Wiki hii nimelisikia tena hilo kosa, safari hii redioni, bwana mmoja anatangaza viwanja vya huko Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, anasema mahitaji ya nyumba Uganda ni makubwa mno manake nchi ina upungufu wa nyumba milioni 2.4, kwa hiyo nunua kiwanja, jenga, wapangaji wanakungoja. Nimeshindwa kunyamaza. Hiyo namba hajaitunga yeye, serikali imekuwa ikiitaja kwa miaka, lakini haipimi mahitaji. Inapima uhitaji, yaani watu wangapi wanakosa nyumba ya kufaa, wawe na pesa au wasiwe nayo, na kati ya hayo maneno mawili watu wanapoteza pesa ya maisha yao yote.

Maana yenyewe ni fupi. Mahitaji kwenye soko ni nyumba ngapi watu wanataka NA wanaweza kuzilipia kwa bei fulani, mahali fulani, kipindi fulani. Ugavi ni nyumba ngapi wenyewe wako tayari kuzitoa kwa bei hiyo, hapo hapo, kipindi hicho hicho. Ukiiondoa bei kwenye sentensi bado hujasema kitu.

Sasa mimi naona shida imeanzia kwenye neno lenyewe. Hitaji tumelitoa Kiarabu, mzizi wake ni ule ule wa haja, na haja ni kitu unakikosa na kinakuuma. Ndio maana mama akikutuma dukani "mahitaji ya nyumbani" ni sukari, chumvi, sabuni, na unavihitaji hata siku huna shilingi mfukoni, tena siku hiyo ndio unavihitaji zaidi. Lakini Waarabu wenyewe wakizungumza habari za soko hawatumii haja, wanasema ardh na talab: ardh ni kuweka kitu mbele ya watu wakione, talab ni kuja kukiomba, kukiulizia. Angalia vile yote mawili ni vitendo, mmoja ameweka, mwingine amekuja. Sisi tukachukua neno la kukosa tukalipa kazi ya neno la kuja na pesa, halafu tunashangaa watu wakichanganya.

Na ugavi nao una lake. Umetoka kwenye kugawa. Sisi tuliokulia kambini tunajua kugawiwa nyumba ni nini, baba anaandikwa kwenye orodha, afisa anagawa, mkipewa mama ingia pole (kile kibanda cha bati cha kambi ya askari, mlango wake mfupi) mnaingia hivyo hivyo mmeinama, bei haiingii hapo. Sokoni hakuna anayegawa. Kwa hiyo mtu akisikia "ugavi" anahesabu kila nyumba anayoiona kwa macho, na hapo anakosea mara ya pili. Nyumba zilizosimama ni kitu kimoja, ugavi ni kingine. Kuna nyumba Najjera imekwisha, ina geti, ina vigae, mwenyewe yuko kyeyo (kibarua cha ughaibuni) Dubai na hataki mpangaji, kuna askari tu amelala boizi kota, kile chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba. Hiyo sensa itaihesabu kama nyumba, na ni sawa kabisa, ila kwa anayetafuta nyumba ya kupanga leo hiyo nyumba haipo. Na ile ghorofa imesimama miaka mitano bila paa nayo haipo bado.

Turudi kwa milioni 2.4. Ndani yake kuna watu wengi ambao wana pa kulala, ila pa kulala penyewe ni pabovu, pamejaa, panavuja, na wengi wao wako vijijini. Ni shida ya kweli na mimi siidharau hata kidogo, inafaa serikali iikoseshe usingizi. Lakini mama anayeishi na watoto wanne kwenye chumba kimoja Bwaise hajawa mteja wa apatimenti yako ya Kira ya laki 9 kwa mwezi. Chukua mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, anapokea kama laki 5 kwa mwezi. Mkopo wa nyumba wa milioni 150, kwa riba tuseme asilimia 16, miaka 20, unadai kama milioni 2 na laki 1 kila mwezi. Mwalimu anahitaji nyumba, hakuna anayebisha, na kwenye mahitaji ya nyumba ya bei hiyo yeye ni sifuri. Kwenye mizigo (mizigo ya Kiganda, zile nyumba za kupanga za chumba kimoja au viwili zilizojengwa mstari mmoja, sio ya kubeba) huko ndio utamkuta, na huko kweli chumba kikiachwa asubuhi jioni kina mtu.

Basi mahitaji yanapimwaje? Hakuna chombo kimoja cha kuyapima, unaangalia alama zake. Nyumba inakaa tupu wiki ngapi kabla ya kupata mtu. Kati ya yuniti kumi za aina moja mtaa mmoja, ngapi hazina pazia, yaani hazina mtu. Kwa za kuuza, hesabu zilizo sokoni gawanya kwa zinazouzwa kwa mwezi, kama ziko 60 na zinauzwa 5, hiyo ni miezi 12 ya kungoja, na wewe unaongeza yako ya 61. Mimi nayoiamini zaidi kwa Kampala ni miezi ya kulipa mbele: landilodi aliyekuwa anadai sita akianza kukubali mitatu, halafu mmoja, soko limelegea hata kama bango bado limeandikwa bei ile ile. Bei ya bango ni matumaini ya mwenye nyumba, bei uliyoandikiwa risiti ndio soko.

Kuna pia fahirisi ya bei za nyumba za makazi inayotolewa na UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, kwa Kampala na Wakiso. Ni nzuri na watu waisome, ila bei peke yake haikwambii upande gani umesukuma. Mwaka 2022 simenti na nondo zilipanda, na ujenzi ukiwa ghali bei ya nyumba inaweza kupanda na wateja hawajaongezeka hata mmoja.

Nayasema haya kwa sababu ya mzee mmoja jirani yetu. Alistaafu, akachukua pesa yake ya kustaafu akaongeza mkopo, akajenga yuniti sita za vyumba vitatu kwenye mtaa ambao watu wake wanatafuta chumba na sebule. Aliambiwa mahitaji ni makubwa, na wala hakudanganywa kwa makusudi, aliyemwambia aliamini kabisa. Mwaka ukaisha mbili tu zina watu. Nimemuona jioni anafagia veranda za nyumba ambazo hakuna mtu amezikanyaga.

Kwa hiyo ukisikia "mahitaji ya nyumba ni makubwa" huna haja ya kugombana na mtu, muulize tu kwa upole: makubwa kwa bei gani, na wapi? Akikujibu kwa Kyanja, kwa laki 4, kila nikitangaza napigiwa simu kumi, huyo amezungumza mahitaji, msikilize. Akikujibu kwa namba ya nchi nzima, anazungumza uhitaji, na yule bwana wa redioni angelitumia hilo neno mimi ningekubaliana naye mpaka mwisho.