Piga namba iliyoko kwenye bango la kanisa lenu

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama barabarani pale Nianjema, hapa Bagamoyo, na katibu wa kanisa moja, jina naliacha, tunaangalia bango lao jipya, kubwa kweli, mchungaji na mama mchungaji wamevaa vitenge vya sare, maandishi ya dhahabu, KARIBU UPOKEE MUUJIZA WAKO, na chini kabisa namba ya simu. Nikatoa simu nikapiga palepale. Akapokea dada mmoja yuko Morogoro, kumbe alikuwa mhazini wao akaolewa akahama, na fundi wa bango alinakili tu namba kutoka kwenye bango la zamani. Akaniambia, kaka mimi napigiwa kila wiki, watu wanauliza ibada inaanza saa ngapi, wengine wanauliza kama kuna Sunday school, nimeshawaambia wabadilishe nimechoka.

Kila wiki. Katibu alikaa kimya muda mrefu, maana hela za bango lile waumini walichanga miezi mitatu na siku zote hizo kulikuwa na watu wanalitafuta kanisa lao na hawalipati.

Nawaza sana juu ya ile simu kwa sababu ndiyo kazi yangu, nashughulika na mawasiliano ya makanisa hapa Bagamoyo na vijiji vya jirani, na nikiitwa karibu kila mara naambiwa tunataka matangazo, tunataka tukue. Mimi sianzii kwenye tangazo. Naanza kuuliza mtu akishawasikia anapita wapi mpaka afike kwenye benchi, na akishakaa Jumapili moja nini kinamrudisha ya pili, na hapo kimya kinatanda.

Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniambia, mwanangu kanisa si duka, usituletee mambo ya masoko. Nilimwelewa na bado namheshimu. Ila mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868 wakaanzisha misheni, kilichozungumza kwa niaba yao ni kijiji walichowajengea watu waliotolewa utumwani, shule, karakana. Watu waliona kwanza mtu anapokelewaje. Hayo ndiyo mawasiliano, sisi tumeyapunguza yakawa picha na spika.

Sasa wageni wa Bagamoyo ya leo ni nani? Ni mwalimu kapangiwa kazi huku hana ndugu, ni mwanafunzi wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa, ni familia imetoka Dar imejenga Kiromo au Zinga. Hawa hawatangitangi mtaani kutafuta msalaba, wanaingia Google Maps. Kuweka kanisa pale ni bure, weka saa za ibada za kweli, siyo zile za kwenye katiba ya kanisa, weka picha ya geti ili bodaboda aijue, na uandike maelekezo kama tunavyoelekezana sisi, ukishuka stendi ufuate njia gani, uone nini kabla hujakata kona.

Halafu WhatsApp. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mgeni kaandika namba yake kwenye daftari Jumapili, jioni kashaingizwa kwenye grupu la watu mia tatu, alfajiri anaamshwa na klipu za maombi, picha za maua, mchango wa harusi ya mtu asiyemjua, Jumatano ametoka. Wengine wakaona watumie orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile broadcast inayomfikia kila mtu peke yake, sawa, lakini ile kwanza mwisho wake ni watu 256 na pili ujumbe haumfikii mtu ambaye hajaisevu namba yako, kwa hiyo kanisa linatuma kila Ijumaa linaamini limewafikia wageni wote kumbe wanaopata ni wazee wa kanisa wenyewe. Mwambie mgeni pale mlangoni, tafadhali sevu namba hii. Na hiyo laini iwe ya kanisa, isiwe ya mtu, akihama mtu laini inabaki.

Kuna mama mmoja Magomeni anafanya kazi ya mapokezi, sijawahi kuona anayemfikia. Haandiki kwenye daftari tu jina na namba, anaandika na neno moja walilozungumza. Jumatatu anakaa na chai yake anatuma mmoja mmoja. Alinionyesha: "Bwana asifiwe dada, ni mimi mama wa mapokezi wa jana, mwenye kilemba cha kijani. Ulisema mtoto ana kikohozi, ameamkaje?" Basi. Hakuna mstari wa sadaka, hakuna ratiba ya mkesha. Yule dada alijibu ndani ya dakika kumi, na wiki ile ile jumuiya ya mtaani kwake ikaenda kumsalimia. Hilo bango gani litalifanya?

Na tafadhali tuache kuwasimamisha wageni mbele ya watu wote wajitambulishe. Wapo wanaopenda, lakini nimeongea na wengi ambao siku hiyo waliapa hawarudi. Wapokee getini, inatosha.

Matangazo ya ibadani nayo, kuna Jumapili niliyapima kwa simu yakaenda dakika 27, nikasimama mlangoni nikawauliza watu watatu semina ya ndoa ni lini, hakuna aliyekumbuka. Soma matatu, mengine bandika ubaoni na weka stetasi.

Suala la spika nalisema kwa uchungu kidogo. Bagamoyo wengi wa majirani zetu ni Waislamu, tumelelewa nao, tunazikana, tunakula pilau Idi pamoja. Spika ikigeuzwa nje usiku kucha jirani hasikii Injili, anasikia kelele, na mtoto wake ana mtihani kesho. Kanuni za mazingira za 2015 zinadhibiti kelele, lakini hata zisingekuwepo, kanisa ambalo jirani hawezi kulisema vizuri, nani atamleta mtu pale?

Picha pia. Msirushe watoto au mtu anayelia kwenye maombezi Facebook bila kumuuliza yeye au mzazi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na zaidi ya sheria, yule mtu alikuja kulia mbele za Mungu.

Najua kamati nyingi sasa hivi ziko kwenye bajeti ya vipeperushi vya mkutano. Kabla hamjalipa mchapaji, mtu mmoja achukue simu isiyojulikana na katibu, apige ile namba iliyoko barabarani, aulize ibada inaanza saa ngapi.