F2 si robo tatu: jinsi ya kusoma tangazo la mtamba kabla hujalipa

Wiki iliyopita nilikuwa bandani kwa mama mmoja wilayani Hai. Nimemaliza kumpandisha ng'ombe wake, nanawa mikono kwenye ndoo, akaninyooshea simu. "Dokta, hebu nisomee hili tangazo. Mimi naona herufi tu."

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi: Mtamba F2 HO, AI, PD+ miezi 5, mama yake lita 22, bei maelewano.

Maneno hayakufika hata kumi na tano, na kila moja linabeba pesa. Nimekuwa mhimilishaji, mpandishaji wa ng'ombe kwa mrija wa mbegu, muda mrefu, na wafugaji wapya wanaoumia wengi huumia hapo kwenye herufi, kabla hata hawajamwona mnyama. Basi nikaketi kwenye gogo tukalisoma pamoja.

Mtamba ni jike ambaye hajazaa. Akishazaa tunahesabu mizao: mzao wa kwanza, wa pili, wa tatu. HO ni mbari, wengine husema koosafu, nayo hapa ni Holstein, yule mweusi na mweupe ambaye kwa mazoea tunamwita Friziani. AY ni Ayrshire, JE ni Jersey. Ila usinunue herufi kwa kuangalia rangi ya ngozi, maana mabaka meupe hata chotara wa damu kidogo anayo.

Sasa F2, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Mama aliamini F2 maana yake robo tatu ya damu ya kizungu, 75%. Nusu ya wafugaji ninaowahudumia wanaamini hivyo, na wauzaji nao wanaandika hivyo. Sivyo. Ukimpandisha ng'ombe wa kienyeji kwa mbegu ya Holstein safi, ndama ni F1: nusu kwa nusu, 50%. Ukikutanisha F1 na F1, ndama wao ndiye F2, naye kwa wastani bado ni 50%. Damu haijaongezeka, imechanganywa upya tu. Mmoja anamvuta babu, mwingine anamvuta bibi, ndiyo maana F2 wa zizi moja hawafanani, si kwa umbo wala kwa maziwa. Tena ile nguvu ya uchotara inayomfanya F1 akue vizuri, ashike mimba upesi na kustahimili shida, kwa F2 inashuka hadi karibu nusu.

Robo tatu unaipata F1 jike akipandishwa tena Holstein safi. Ukirudia kwa mtoto wake unapata 87.5%. Hao ndio watu wanawaita F2 na F3. Ukikutana na herufi hizo, usibishane na muuzaji. Muulize tu: baba yake nani, na mama yake nani? Majibu hayo mawili yatakupa asilimia yenyewe.

Na mimi simsukumi kila mtu kwenye asilimia kubwa. Kama majani unayabeba kichwani na kuogesha dhidi ya kupe ni kwa kubahatisha, mnyama wa 87.5% atakuliza kwa ndigana kali kabla hajakupa maziwa. Nusu damu aliyeshiba ni bora kuliko robo tatu mwenye njaa.

AI ni uhimilishaji, kupandisha kwa mrija wa mbegu badala ya dume. Kwenye tangazo ina maana mbili: mtamba alizaliwa kwa mrija, au yeye ndiye amepandishwa kwa mrija. Uliza ni ipi, kisha omba kadi ya upandishaji. Mrija wenyewe ni mwembamba kuliko kijiti cha peremende, unatunzwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na ubavuni umechapwa maandishi madogo. Ule wa Marekani unasomeka hivi: namba ya mwanzo ni ya kampuni, kisha HO au JE, kisha namba ya dume. Namba hiyo ikiwa kwenye kadi, hutampandisha mtamba kwa baba yake mwenyewe. Bila kadi, ndugu na ndugu hukutana bila mtu kujua.

PD+ maana yake mimba imepimwa na ipo. "Hajarudi kwenye joto" si kipimo. Joto, yaani hamu ya kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi, na ng'ombe anaweza kulipitisha usiku wewe umelala. Mimba huenda siku 280 na kidogo: aliyepandishwa tarehe 10 Machi mtegemee katikati ya Desemba. Tarehe ya kupandishwa na ukubwa wa mimba visipolingana, jua kuna kitu kimefichwa.

Lita 22 ni za siku gani? Maziwa ya ng'ombe hupanda hadi kilele wiki chache baada ya kuzaa, halafu hushuka. Rekodi ya kuaminika hujumlisha siku 305 za kukamuliwa.

Mama akauliza pia kuhusu PTA, aliyoiona kwenye kitabu cha madume. Hicho ni kipimo cha kile dume anachotarajiwa kumrithisha binti yake. EBV, kipimo kingine cha madume, ni thamani nzima ya urithi wa dume, PTA ni nusu yake, kwa kuwa dume hutoa nusu tu ya urithi. Kwa hiyo EBV ya kilo 1,000 za maziwa na PTA ya kilo 500 ni dume yuleyule. Vitabu vya Marekani huandika kwa ratili, si kilo, na hulinganisha na ng'ombe wa kwao wanaokula chakula cha kwao. Kwa mtamba mdogo, mimi kwanza naangalia wepesi wa kuzaa, ndipo maziwa.

Akampigia muuzaji palepale, sauti ikiwa nje. Baba wa mtamba ni nani? "Dume la jirani, mama, naye ni F1 mzuri sana." Kadi? Hakuna.

Akakata simu, akaniambia nimwandikie kadi ya ng'ombe wake kabla sijaondoka. Nikajaza tarehe, saa, na namba ya mrija. Akaichukua, akaisoma kwa sauti namba moja baada ya nyingine, akanionyesha kidole kwenye HO, kisha akaenda kuichomeka juu ya mlango wa jiko ambako mvua haifiki.