Ripstopu siyo jina la kitambaa, jamani

Hapa Tanga mtu akitaka kushona hamoki, ile bembea ya kulalia unayofunga kwenye miti miwili ukienda kupiga kambi Amani au Magoroto, ushauri ni uleule, "tafuta ripstopu, haichaniki hiyo". Ukifika Ngamiani muuzaji naye akiona vimiraba tu anakwambia ndo yenyewe bosi, chukua.

Ripstopu ni namna ya kufuma. Kitambaa kinafumwa kwa uzi mwembamba, halafu kila baada ya milimita 5 hadi 8 hivi unapitishwa uzi mnene zaidi, wima na mlalo, ndo unaona ile miraba. Kazi yake ni moja tu, tundu likishatokea mpasuko usiendelee kukimbia, ukifika kwenye ule uzi mnene unagoma. Kwa hiyo kuchanika kinachanika, na kilo kitakazobeba hiyo miraba haikwambii kabisa. Kuna ripstopu ya nailoni, ya poliesta, hata ya pamba ile ya magwanda ya jeshi, na kuna nyingine nyepesi ya kutengenezea tiara ambayo mtu mzima akijitupa humo anakwenda nayo chini. Zote ripstopu! Na kuna vitambaa vya miraba ya kuchapwa tu, hivyo pitisha ukucha, kama hausikii uzi umeinuka ujue umeuziwa picha.

Kinachokubeba ni uzi wenyewe. Unene wake unapimwa kwa denia, yaani mita 9,000 za uzi zina gramu ngapi, denia 70 ni gramu 70, basi. Nayo denia watu wameshaigeuza kipimo cha nguvu wakati ni uzito tu, nailoni na poliesta za denia moja hazina tabia moja hata kidogo. Nailoni inavutika, ndo maana inalalika vizuri, ila inanyonya maji, na ikilowa inalegea, ulilala juu unaamka mgongo unakaribia majani. Poliesta hainyonyi maji kihivyo na jua inalivumilia zaidi, mimi kwa huku pwani nachukua hiyo.

Halafu weka mdomo upulize. Pumzi isipopita kimepakwa dawa ya kuzuia maji, hicho ni cha kutandaza juu mvua isikupige, ukilala ndani yake kwa joto la Tanga utaamka umelowa jasho. (Na kamba usizikaze zikanyooka, zikiinama digrii 30 kila moja inabeba uzito wako wote, zikibaki digrii 10 unakuwa karibu mara tatu, hapo usilaumu kitambaa.)

Kwa hiyo ndugu zangu, sema "poliesta ya ripstopu, denia 70, isiyopakwa". Muuzaji akikwama mwombe kijipande ukichome pembeni, pamba itaungua kama karatasi, hizo nyingine zitajikunja na kuyeyuka.