Programu Haitoi BOQ Yenyewe: Mkadiriaji Majenzi na Modeli ya Jengo

Malalamiko yanayotufikia siku hizi, sisi tunaosikiliza migogoro ya ujenzi, yana sura moja. Mwenye nyumba amelipia ramani ya 3D, aliyemchorea amebonyeza programu ikatoa orodha ya vipimo, orodha ikaitwa BOQ (orodha ya kazi na vipimo vya ujenzi inayotumika kupanga bei), fundi akapatana bei juu yake. Jengo likifika kwenye linta fedha zimekwisha, na ugomvi unaanza.

Hakuna anayepinga modeli ya kidijitali ya jengo, yaani BIM. Uingereza iliifanya sharti kwa miradi ya serikali kuu tangu 2016, na viwango vya kimataifa vya ISO 19650, vinavyohusu usimamizi wa taarifa za BIM, vilianza kutoka 2018. Mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa vipimo na gharama za ujenzi, anayeijua vizuri hupata kwa saa chache vipimo vilivyokuwa vikimchukua siku nyingi juu ya karatasi, na mbunifu akisogeza ukuta, vipimo vinafuata papo hapo. Mteja ananufaika sana.

Lakini picha ya 3D si modeli. Picha inakuonyesha rangi ya bati; modeli hubeba vipimo vya kila sehemu ya jengo. Na hata modeli iliyokamilika huhesabu kilichochorwa tu.

Chukua msingi wenye urefu wa mita 40, upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Mchoraji ameweka zege la chini lenye unene wa sentimita 20. Programu itakupa mita za ujazo 4.8 za zege, na itakuwa sahihi kabisa. Udongo wa kuchimba, mita za ujazo 24, haumo, kwa sababu hakuna aliyeuchora. Udongo huo ukishatoka hulegea na kuongezeka. Mwingine utarudi kufukia, unaobaki unataka tripu za lori. Kwenye orodha ya programu hamna mbao za kusetia zege, hamna mirunda, hamna urefu wa nondo zinapolaliana, wala mlinzi wa site. Halafu nguzo ikichorwa ikapenya slabu bila makutano kukatwa, zege la hapo linahesabiwa mara mbili.

BOQ moja niliyowekewa mezani ilikuwa na mstari huu: "Ukuta wa kawaida, mm 200, mita za mraba 412." Basi. Tofali gani? Saruji na mchanga kwa uwiano upi? Fundi alipiga bei ya tofali za saruji, mwenye nyumba alikuwa akiwaza za kuchoma. Wote wawili walisema kweli, na hapakuwa na neno la kuwaamua. Mkadiriaji angeuliza swali hilo kabla bei haijatajwa. Hiyo ndiyo kazi yake, na tuache kusema eti programu imeichukua.

Sasa utaratibu. Hapa Tanzania, chini ya Sheria Na. 4 ya 2010, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na Bodi yao (AQRB), na kampuni zao husajiliwa kivyake. Usajili wa mtu haugeuki kuwa usajili wa kampuni. Leseni ya programu si usajili. Cheti cha mafunzo ya wiki mbili si usajili. Anayejitangaza au kutoza ada kama mkadiriaji bila kusajiliwa anatenda kosa, na mahakama inaweza kumtoza faini au kumfunga. Kabla ya kulipa, omba namba ya usajili, ilinganishe na rejesta ya Bodi, kisha hakikisha jina lililo kwenye muhuri ni la huyo aliye mbele yako. Mkataba utaje toleo la modeli na tarehe yake, kanuni za upimaji zilizotumika, na waraka upi utafuatwa iwapo modeli na BOQ zitatofautiana. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika karibu kila mara, na ndicho kinachokula muda wetu mwingi.

Dai pia faili la modeli katika muundo wa IFC, ambao hufunguka kwenye programu mbalimbali; picha za skrini hazipimiki. Ukija kulalamika, njoo na faili hilo, BOQ yenye muhuri, mkataba na risiti. Usipokuwa na mkataba tutakusikiliza, ila tutakachokuwa nacho cha kumuuliza mlalamikiwa ni maneno yako peke yake.