Mkimaliza kumshangaa Ronnie, mwangalieni na Selby

Vijana wangu wa pul hapa Malindi ukiwauliza kwenye snuka, ule mchezo wa fimbo na mipira wa meza kubwa, wanamjua nani, wote Ronnie O'Sullivan, na sawa, mataji 7 ya dunia si mchezo, ile 147 yake ya 1997, yani pointi za juu kabisa kwa zamu moja mezani, ya dakika tano na kitu ukiiona utadhani video imeharakishwa. Lakini mimi kazi yangu kufundisha watu kushika fimbo, na mtu akitaka kujifunza kweli namwekea Mark Selby.

Kwanza huyu ni mwenzetu wa pul. Mtoto wa Leicester, Uingereza, alifiwa na babake akiwa na miaka 16 tu, na mwaka huohuo, 1999, akaanza kucheza kama profeshno. 2006 akabeba ubingwa wa dunia wa pul ya mipira minane, yani hii hii ya meza ndogo, halafu 2007 huyoo fainali ya dunia ya snuka pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, akalala frem 18-13 (frem ni mchezo mmoja ndani ya mechi) kwa John Higgins.

Sasa meza ya snuka ni futi 12, hizi zetu za koini ni kama futi 7, na mifuko ya snuka imekatwa mviringo, mpira ukigusa pembe kidogo tu unatemwa. Ndio maana huwezi kuishi kwa kutia mipira mfukoni peke yake, lazima ujue sefti, yani kumwachia mwenzio meza mbaya. Mwangalie Selby asipokuwa na shoti: anaukwangua mpira mwekundu pembeni, kidogo sana, ule mweupe wa kupigia unapanda juu unagonga kusheni, ukingo wa meza, unarudi chini kabisa unajificha nyuma ya mpira wa kahawia. Wewe sasa huuoni mwekundu hata mmoja, ukikosa kuugusa unampa pointi 4 au zaidi, na refa anaweza kukurudishia mipira ilipokuwa upige tena. O'Sullivan mwenyewe ndiye aliyempachika jina la Mtesaji, na ana haki, maana fainali ya 2014 alikuwa mbele 10-5 akaishia kufungwa 18-14. 2017 Higgins naye aliongoza 10-4, akalia 18-15. Ukijumlisha na 2016 na 2021 hayo ni mataji 4 ya dunia, na mengi yamepatikana kwa kumkalia mtu kooni kama mzee wa bao asiye na haraka ya kwenda kokote.

Inachosha wakati mwingine, sikatai. 2022 yeye na Yan Bingtao wa China walicheza frem moja dakika 85, ndefu kuliko zote Crucible hadi wakati huo, na mechi yenyewe akapoteza! Mwaka huo pia alijitokeza akasema wazi kwamba akili imechoka, anahitaji msaada, jambo ambalo wanaume wa huku kwetu tunalimeza tu.

Kwenye pul yetu nyinyi mkiona hakuna shoti mnafyatua tu mkiomba Mungu. Jamani, uache mweupe nyuma ya mipira yako, mwenzio afanye fauli, wewe upate shoti mbili, shida iko wapi?

Najua mtaniletea fainali ya 2023, Selby kapiga 147 ndani ya fainali ya dunia, wa kwanza kabisa kufanya hivo, na bado Luca Brecel anayepiga kila kinachomeremeta akamla 18-15. Kweli. Ila Brecel ana taji moja la dunia, hesabuni ya Selby.