Maji Safi Yanavyoua Samaki

Wiki hii tena simu ni ile ile: "Fundi, mbona samaki wanakufa? Jana tu nimemwaga maji yote ya tanki lao, nikasugua kioo, nikaosha mawe na sponji, maji yanang'aa!" Mama wa watu kashinda kwenye usafi, samaki wanahema juu juu, na wa kulaumiwa ni mimi niliyempelekea "samaki wagonjwa". Naandika hapa ili safari ijayo nitume linki tu.

Kung'aa hakumsaidii samaki chochote. Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, haina rangi, na klorini kwa kiwango cha bombani huioni.

Nianze na sponji, ile ya kichujio. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. (Vitabu vya zamani vinawaita hao wa pili Nitrobacter, utafiti wa mwaka 1998 kwenye akwariamu za maji yasiyo ya chumvi uliwakuta Nitrospira, ila jina la zamani halijachoka kurudiwa.) Bakteria hao wamejishikiza kwenye sponji, changarawe na mawe. Ndani ya maji yenyewe ni wachache sana, kwa hiyo na ninyi mnaosema "usimwage, maji ya zamani yana bakteria wazuri" mnatuchanganyia watu. Sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tankini. Yatatoka ya kahawia, mazito, yenye harufu ya udongo. Ikishaanza kupitisha maji, iache. Haitakiwi kuwa nyeupe! Ukiipeleka bombani, klorini iliyowekwa kuua vijidudu itafanya kazi yake.

Klorini, haraka haraka. Maji ya Dar es Salaam yanayotoka kwenye mitambo ya Ruvu yana dawa, na yanatakiwa yawe nayo. Kuyalaza kwenye ndoo iliyo wazi kunasaidia kama dawa ni klorini tupu. Kuyalaza kwenye simtanki lililofunikwa ni kujifariji, na kama mamlaka ya kwenu inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kulaza usiku mmoja hakutoshi. Tia thiosulfeti, dawa ya kuondoa klorini, inaiua papo hapo. Ukijaza kwa mpira moja kwa moja, pima dozi ya tanki zima, si ya maji mapya peke yake. Uliza pia kama kuna mtu hapo nyumbani aliyetia dawa ya maji kwenye simtanki. Mara nyingi yupo, na ananyamaza.

Sasa linaloniudhi. Kuna mtu ambaye hakusugua kitu, klorini kaitoa, kabadilisha nusu tu ya maji, na samaki wamekufa vilevile. Huyu ndiye anayeapa kwamba maji mapya ni sumu, na mtaa mzima unamwamini.

Tanki lake halijaguswa miezi na miezi. Kazi ya wale bakteria huzalisha asidi, asidi inakula kaboneti iliyomo majini, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) inashuka taratibu mpaka 6.5 au chini yake. Huko chini bakteria wenyewe wanazubaa, amonia inaanza kulimbikizana. Lakini kwenye maji ya asidi karibu yote inakaa katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana samaki. Wanakula, wanaogelea, mwenye tanki anajisifu kwamba yeye habadilishi maji na samaki wake ni wazima. Kisha siku moja anapatwa na huruma, anachota maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vinapita kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, na pH yake imepanda.

Piga hesabu. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 6.5, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki 2 kwa kila 1,000. pH ikifika 8, ni zaidi ya 50 kwa kila 1,000. Karibu mara 30. Umetoa nusu ya maji, umetoa nusu ya amonia, halafu sumu imekuwa mara 15 ya ilivyokuwa kabla hujabadilisha. Samaki aliyekuwa anaishi na uchafu wake umemwashia moto kwa ndoo ya maji safi.

Tanki la namna hiyo unalipima kwanza. Tone la dawa ya kupimia amonia kwenye kichupa cha maji ya tanki, ngoja dakika, rangi ikitoka kwenye njano kwenda kijani, mpira weka chini. Badilisha kidogo, sehemu moja ya kumi, kesho tena, keshokutwa tena, ukipima amonia na pH. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika hana hata kinga hiyo ya asidi. Maji ya ziwa lile yana pH karibu 9, kwa hiyo amonia kidogo tu kwake ni balaa tangu mwanzo.

Joto nalo lipo. Simtanki la juu ya paa saa nane mchana linatoa maji ya kuogea mtoto mchanga, tena maji ya moto yana oksijeni kidogo. Kanuni inasema tofauti isizidi nyuzi 2. Naifuata, ingawa siiamini kama Msahafu: wafugaji wa Corydoras (kambare wadogo wa tankini) humimina maji ya baridi makusudi, kama mvua imenyesha, na samaki wanataga.

Hata ile "robo kila wiki" ninayowaambia wateja ni ya kurahisisha maisha. Wafugaji wa discus (samaki wa mapambo, bapa kama sahani) wapo wanaobadilisha karibu maji yote kila siku na vifaranga vinanenepa, kwa sababu maji mapya yameandaliwa yafanane na ya jana: pH ile ile, joto lile lile, ugumu ule ule. Kwa hiyo ukiniuliza "fundi, asilimia ngapi?", nami nitakuuliza maji yako yanatoka wapi na mara ya mwisho uliyabadilisha lini. Kama jibu ni "sikumbuki", anza na ndoo moja.

Unapobadilisha maji wavu hauhitajiki, samaki waache humo humo. Hita ichomoe kabla maji hayajashuka, usiirudishe mpaka imezama yote.